Shangazi Asiyekuwepo

Kila Jumamosi asubuhi, Chiriku na mama yake walikata sabuni. Mama alitoa bonge zima kwenye sanduku la mbao, akaliweka mezani, akalipitishia waya, na Chiriku akaipokea miche iliyokatwa na kuipanga kwenye rafu. Walivaa glavu na miwani, kwa sababu sabuni mbichi ina kostiki, na kostiki haina mchezo na mtu. Ni ile dawa nyeupe inayochanganywa na mafuta ili yagande yawe sabuni. Ikikugusa ingali kali, inakula ngozi kama moto usioonekana. Mama alikuwa na kovu la kostiki mkononi, na hakuwahi kuliona jambo hilo kuwa la kusimulia.

Kila rafu iliandikwa tarehe kwa chaki. Sabuni ilikaa wiki sita bila kuguswa. Siku zikitimia, mama alichukua kipande kimoja, akakigusa kwa ncha ya ulimi. Kikimchoma, rafu nzima ilisubiri. Kisipomchoma, ruksa kufunga na kuuza. Hakukuwa na sabuni iliyotoka katika chumba kile bila kupita kwenye ulimi wa mama.

Chiriku alikuwa na miaka kumi na tatu. Jina hilo alipewa na darasa zima, maana mdomo wake haukujua kupumzika. Nyumbani alikuwa na kazi mbili: kuifunga sabuni kwenye karatasi, na kuandika habari zake kwenye ukurasa wao wa mtandaoni, kwa kuwa mama aliiona simu kama mgeni asiyejua kuaga. Mama alimwambia aandike bei, uzito na siku ya kuuza, basi. Chiriku aliandika hayo kwa mwezi mzima, akapata wafuasi thelathini na mmoja, na wanne kati yao walikuwa ndugu zake.

Hapo ndipo alipomzua Shangazi.

Siku moja aliandika: “Wanangu, mmeamkaje? Shangazi yenu mgongo unanisumbua, lakini nimejikongoja nikawapikia sabuni.” Shangazi huyo hakuwepo duniani. Lakini watu walimjibu. Mmoja alimpa pole ya mgongo, mwingine akamshauri alale chali, wa tatu akauliza kama amekula. Chiriku aliwajibu wote mmoja mmoja, akiwaita mwanangu, mwali wangu, kipenzi cha shangazi. Yule aliyenunua mche mmoja alimkumbuka kwa jina, na aliyeuguliwa na mtoto alimjulia hali. Kabla ya miezi mitatu kwisha, ukurasa ulikuwa na wafuasi elfu tisa, na watu walianza kuagiza sabuni hata kabla haijapikwa.

Miongoni mwao alikuwepo muuza nyama wa sokoni, mtu wa mabega mapana anayenunua miche minne kila wiki. Kwenye inboksi alimwandikia Shangazi kila siku, kama mtoto anayeandikia nyumbani. Jumapili moja alimweleza jambo ambalo hakuwahi kumweleza mtu. Siku mama yake mzazi alipokufa, alimpigia simu mara sita, naye alikuwa ameizima kwa sababu wateja walikuwa wengi. Chiriku aliisoma habari hiyo akiwa amelala kifudifudi kitandani, huku akitafuna karanga. Akamjibu, “Usilie mwanangu. Mama yako alijua unampenda.” Halafu akamtumia picha ya sabuni mpya.

Kwa nini tusiseme ukweli? Chiriku alijiona hodari. Hakuona ubaya wowote.

Kisha ukaja ugomvi wa foleni. Sabuni ilibaki mche mmoja, na wanawake wawili wakaugombania mlangoni. Mmoja alimvuta mwenzake kitambaa cha kichwa, mwenzake akamng’ata kidole, wakabiringishana hadi mtaroni. Mama alitoka kuwaamua, akapigwa kiwiko cha shavu. Chiriku alirekodi yote kwa simu. Badala ya kuificha aibu hiyo, aliiweka mtandaoni na kuandika, “Oneni wanangu wanavyonipenda.” Video ile ilipendwa mara nyingi kuliko yote aliyowahi kuweka.

Tangu hapo wafuasi wakajiita Jeshi la Shangazi. Mtu mmoja alisema harufu ya sabuni ni hafifu, wakamtukana yeye, mkewe na kaburi la babu yake, mpaka akaufuta ukurasa wake. Mwingine aliahidiwa kuvunjwa miguu. Chiriku aliweka alama ya moyo chini ya kila tusi, na kila aliyetukana alipoona moyo wa Shangazi, alitukana zaidi.

Nyumba ya tatu kutoka kwao aliishi Baba Pacha. Naye alikuwa fundi sabuni, na yeye na mama walifundishwa kazi na fundi mmoja. Walikuwa hawagombani. Huyu akiishiwa kostiki aliazima kwa yule, na siku ya ugeni walikopeshana mpaka viti. Binti yake wa kwanza, Pacha Mkubwa, alikaa dawati moja na Chiriku, na ndiye aliyekuwa akimnong’oneza majibu ya hesabu.

Ijumaa moja mama alisafiri kwenda mji wa pili kununua mafuta. Kabla ya kuondoka alionyesha rafu ya tano, ambayo ilikuwa na alama kubwa ya X. Alieleza kwamba siku ya kupika sabuni ile alipima huku akizungumza na mteja, na kostiki ikazidi. Haifai hata baada ya wiki sita. Jumatatu angeiyeyusha upya na kuiongezea mafuta. Chiriku aliitikia, lakini macho yake yalikuwa kwenye simu.

Tatizo ni kwamba Shangazi alikuwa ameshaahidi. Siku mbili nyuma aliandika kuwa Jumamosi saa tatu, wanangu hamsini wa kwanza watapata sabuni mpya. Jumamosi ilipofika, rafu zilizoiva zilikuwa tupu. Nje watu walishaanza kusukumana. Mwanamume mmoja aliupiga mlango teke akasema wasifanywe watoto. Chiriku alisimama mbele ya rafu ya tano. Sabuni ilionekana kama sabuni nyingine yoyote. Akachukua kitambaa kibichi, akaifuta ile X, akaandika tarehe ya miezi miwili nyuma, akaanza kufunga.

Miche hamsini iliisha kwa dakika ishirini. Mama aliporudi aliambiwa kwamba rafu ilianguka na sabuni yote ikaharibika, ikatupwa. Alisikitika kidogo, akaamini, kwa sababu mwanawe hakuwahi kumdanganya kwa jambo la kazi.

Jumanne jioni picha ikaingia. Ulikuwa mgongo wa mtoto wa miaka minne, mwekundu, umechubuka kuanzia shingoni hadi kiunoni, na malengelenge yamepasuka. Mama wa mtoto, fundi cherehani wa mtaa wa nyuma, aliandika, “Shangazi, nimemwogesha mwanangu kwa sabuni yako. Amelia mpaka sauti imekauka. Niambie hiki ni kitu gani.”

Chiriku aliisoma mara mbili. Mama yake alikuwa hatua kumi tu kutoka pale, akikoroga sufuria. Ingetosha kumwita. Lakini chini ya picha ile maoni yalikuwa yanafika kwa kasi, watu wanauliza, watu wanashangaa, naye akaogopa. Alijikaza kisabuni, vidole vikaandika: “Hiyo si sabuni yangu, mwanangu. Kuna mtu mtaani kwetu anapika sumu na kuifunga kwa karatasi yangu. Nimelia tangu nilipoiona picha.”

Mfuasi mmoja akauliza, “Ni yule mwenye watoto pacha?”

Chiriku hakuandika ndiyo. Hakuandika hapana. Aliweka kikatuni kimoja kinacholia, akazima simu, akaenda kula.

Jumatano alitoka shuleni pamoja na Pacha Mkubwa. Walipokata kona walisikia kishindo cha mabati, kisha sauti ya mwanamume anayepigwa. Pacha Mkubwa aliitambua sauti hiyo kabla ya mtu yeyote. Alitupa begi lake akakimbia, na Chiriku akamfuata.

Ua wa Baba Pacha ulijaa watu. Walikuwa kama arobaini, wenye mipini ya majembe, mikanda na matofali. Waliipasua meza ya kukatia, wakavunja rafu, wakatupa sabuni barabarani na kuzikanyaga. Mwanamke mmoja alikuwa akimpiga Baba Pacha kichwani kwa kiatu, akisema kwa kila pigo, “Hii ya Shangazi. Hii ya mtoto.” Kijana mwingine alimpiga teke la mdomo, jino likaruka na damu ikamjaa kidevuni. Aliyewaongoza alikuwa yule muuza nyama, bado amevaa aproni yake ya kazini, mkononi ameshika nondo. Aliishusha mara moja, mkono wa Baba Pacha ukavunjika kwa sauti ambayo kila mtu aliisikia.

Baba Pacha aliyumba, akalikumbatia pipa lililokuwa nyuma yake, na pipa likapinduka naye. Ndani yake mlikuwa na kostiki iliyokwisha kuchanganywa na maji, tayari kwa mapishi ya jioni. Ilimwagika sakafuni, naye akaanguka chali katikati yake. Shati likalowa. Kisha alitoa sauti ambayo Chiriku hakujua kama binadamu anaweza kuitoa.

“Maji,” Pacha Mkubwa alilia. “Mmwagieni maji, ataungua mpaka mfupa.”

Alijaza ndoo bombani akaileta. Kijana mmoja aliipiga teke, maji yakamwagika, akamwambia Pacha Mkubwa kwamba baba yake naye aionje dawa aliyompakaza mtoto wa watu. Mama yake Chiriku naye alifika mbio akiwa na ndoo nyingine. Watu walimsukuma akaanguka magoti. Katika vurugu ile hawakumtambua. Walikuwa wakimpigania Shangazi, na mwenye sabuni yenyewe walikuwa wanamkanyaga.

Chiriku alijua kila dakika ina maana gani. Mama alimwambia mara mia kwamba kostiki ikikumwagikia, dawa yake ni maji mengi, hapo hapo, bila kusubiri. Alipanda juu ya pipa lililolala akapiga kelele kwa nguvu zake zote.

“Shangazi ni mimi. Sabuni mbaya niliiuza mimi. Huyu hana kosa.”

Wachache walicheka. Mwanamke wa kiatu alimzaba kofi akamwambia atoke, mtoto hana adabu. Nani angeamini? Shangazi wao alikuwa mama mtu mzima, mwenye mgongo unaouma na maneno ya faraja. Huyu alikuwa na soksi za shule.

Basi Chiriku alishuka, akapenya hadi kwa muuza nyama, akamshika aproni kwa mikono miwili. Alisema kwa sauti ndogo, ili asikie yeye peke yake.

“Mama yako alikupigia simu mara sita. Uliizima kwa sababu wateja walikuwa wengi. Uliniandikia Jumapili, saa nne asubuhi. Nikakujibu usilie, alijua unampenda.”

Nondo ilianguka. Muuza nyama alimtazama mtoto yule kama mtu aliyeamshwa kwa kumwagiwa maji.

“Nani kakwambia maneno hayo?”

“Wewe. Hakuna Shangazi. Ni mimi tu.”

Uso wa mtu yule ulibadilika mara mbili au tatu. Kisha akampiga kofi moja, zito, la mkono wa mchinjaji. Chiriku alianguka, midomo ikapasuka. Alipoinua kichwa, muuza nyama alikuwa ameshaidaka ndoo ya Pacha Mkubwa na alikuwa akiwangurumia watu wapishe. Kijana aliyejaribu kumzuia alitupwa ukutani. Sauti yake ilipasuka alipowaambia kwamba wamedanganywa, na kwamba wanamuua mtu bure.

Walipanga mstari kutoka bombani, wale wale waliokuwa wanapiga, wakapitisha ndoo mkono kwa mkono. Mama alimchania Baba Pacha shati lake, akamwagia maji bila kukoma kwa zaidi ya nusu saa, huku Pacha Mkubwa ameshika kichwa cha baba yake mapajani. Maji yaliyotiririka mtaroni yalikuwa na damu na mapovu. Gari la wagonjwa lilipofika, Baba Pacha alikuwa bado anapumua. Daktari alisema baadaye kwamba bila maji yale asingefika hospitali.

Polisi waliwachukua watu saba, muuza nyama akiwa wa kwanza. Yeye aliinyoosha mikono bila ubishi. Chiriku alihojiwa kituoni mbele ya mama yake, akaeleza kila kitu: X iliyofutwa, tarehe ya uongo, rafu ambayo haikuanguka, na kile kikatuni. Mama hakumkatisha hata mara moja. Walipofika nyumbani aliutafuta mche mmoja wa rafu ya tano uliokuwa umedondoka nyuma ya sanduku, akaugusa kwa ulimi, akatema haraka. Alikaa kitako sakafuni na kulia. Chiriku hakuwahi kumwona mama yake akilia, na ilimuuma kuliko midomo.

Kesho yake mama alikwenda kwa fundi cherehani kumwomba radhi uso kwa uso. Alitukanwa, akasimama akatukanwa mpaka mwisho, kisha akaomba aruhusiwe kugharamia matibabu ya mtoto. Baadaye, kwa mara ya kwanza, alikaa mwenyewe mbele ya simu na kuonyesha uso wake. Alisema kwamba ukurasa ule hauna Shangazi, kwamba sabuni iliyomwunguza mtoto ilitoka nyumbani kwake, na kwamba wote walionunua Jumamosi wairudishe wasiitumie. Chiriku alikaa pembeni yake akiwa na shavu lililovimba, akarudia maneno hayo kwa kinywa chake.

Jeshi likawageukia. Mchana ule ule jiwe lilipasua dirisha la chumba cha sabuni, na la pili likampata mama begani. Kwa siku tatu waliandikiwa vitisho vya kila aina, na Chiriku alilazimika kuvisoma vyote, maana mama alikataa avifute. Baadhi ya vitisho alivitambua: vilikuwa maneno yale yale aliyowahi kuyawekea alama ya moyo. Siku ya nne polisi walipita mtaani, kelele zikatulia. Wafuasi walibaki mia mbili.

Wiki ya pili mama alimpeleka hospitali. Baba Pacha alikuwa amelala kwa tumbo, mkono mmoja kwenye plasta, mgongo wote umefungwa bandeji. Pacha Mkubwa, aliyekuwa amehama dawati tangu siku ile, alikaa kando ya kitanda bila kugeuka. Mama alieleza kwamba amekarabati rafu zilizovunjwa, kwamba anapika sabuni za nyumba zote mbili, na kwamba Chiriku ndiye anayezifunga zile za Baba Pacha, kwa karatasi ya Baba Pacha mwenyewe, kila siku baada ya shule, mpaka atakapopona. Miche iliyorudishwa ilikuwa arobaini na minne. Mtoto wa fundi cherehani alikuwa ameanza kucheza tena.

Chiriku alipiga magoti ili uso wake ulingane na wa mgonjwa. Alimwomba msamaha. Aliongeza, kwa haraka, kwamba hakuwatuma watu wampige, na kwamba hakudhani wangefika huko.

Baba Pacha alizungumza polepole, kwa sababu ya mdomo ulioumizwa.

“Nimekaa hapa nawaza, mwanangu. Wale watu hawakunipiga kwa kunichukia mimi. Mimi hawanijui. Walinipiga kwa kukupenda wewe. Ulikaa nao kila siku, ukawauliza wamelalaje, wakakufungulia mioyo. Sasa sikiliza. Mtu akikupenda na kukuamini, anakukabidhi moyo wake pamoja na ngumi zake. Hajui kuvitenganisha. Ndiyo maana aliyependwa hana ruhusa ya kudanganya hata kwa kitu kidogo. Aliyechukiwa akisema uongo, nani atanyanyua jiwe kwa ajili yake?”

“Nilikuwa naogopa, baba.”

“Najua. Siku ile ya picha ungemwita mama yako ukiwa unaogopa, ungechapwa, yangekwisha. Uoga si kosa. Kosa ni kumtafuta mtu wa kuubeba badala yako, ukaniona mimi.”

Muuguzi aliingia na sinia la dawa, akasema ni wakati wa kubadilisha bandeji, wageni watoke nje. Mama alisimama. Chiriku naye aliinuka, akiwa amefarijika kupata sababu ya kuondoka, lakini Baba Pacha alimwomba muuguzi amwache Chiriku abaki.

“Kaa,” alimwambia Chiriku. “Uone.”

Pacha Mkubwa alisogea kidogo kwenye benchi. Chiriku alikaa pale, na muuguzi alipoanza kuifungua bandeji, alitazama mpaka mwisho.